Paulin Kangwa, Aliyeomba Masine Izimwe

Bandugu, wakwe, na ninyi watu wa depo mulioketi kule nyuma, karibuni. Nitasoma polepole.

Marehemu Paulin Kangwa alizaliwa Lukafu tarehe 14 mwezi wa tatu 1989, mutoto wa Constantin na Agnès. Mwaka ule mihogo ilizaa sana, lakini hayo si maneno ya leo.

Masomo alifanya Katuba, akikaa kwangu mimi baba yake mukubwa, akapata diplome 2008. Siku moja alifungua redio yangu, akaifunga tena, vis mbili za kuifungia zikabaki mukononi. Redio iliimba vizuri kuliko mbele. Kisha alisoma informatique, kazi ya kompyuta, mjini mupaka 2013.

Mwaka 2015 aliingia kazi katika depo ya patron Casimir, Naviundu, kuchunga masine kubwa inayoandika mizigo yote ya wateja.

Tarehe 6 mwezi wa nane 2016 alimuoa Syntiche kanisani. Kwenye karamu baffle za muziki zilinyamaza, bwana arusi akaacha meza akaenda kuzitengeneza. Syntiche akasema mbele ya wakwe: "Kumbe nimeolewa na nyaya!"

Mwaka 2024 alikuja kwangu, akakatala kula bukari, ugali wetu.

"Baba mukubwa, moyo ya masine iko na kasoro. Uko na nyumba ya kupangisha. Mupangaji wa kwanza anatoka, unaingiza mwingine, lakini ule wa kwanza angali na ufunguo. Anaingia, anageuza vitu, mwisho anakuwa mwenye nyumba. Nafasi za kumbukumbu za masine ziko vile."

"Si mubadilishe serrure, kufuli ya mulango?"

"Serrure mupya iko, tena ya bure. Inaomba tu masine izimwe, iwake tena. Patron anakatala."

Patron Casimir alimujibu mbele ya wafanyakazi: "Malori yanapakia, wewe unataka kuniulia masine? Kwenda kule, nabii wa nyaya!" Walicheka sana. Wamoja wao wako hapa leo na vitambaa machoni.

Mwezi wa kumi na moja muizi aliingia kwa kasoro ile ile, akaandika mizigo ya watu kuwa yake, malori yakaibeba. Patron akasema: "Paulin peke yake alijua mulango. Ni yeye muizi." Polisi wakamufunga cachot. Siku ya Mungu, Jumapili iliyofuata, depo ilizima masine na kuweka serrure ile aliyoomba. Patron, kama muizi alikuwa tayari cachot, serrure ilikuwa ya kumufungia nani?

Alitoka cachot mwezi wa kwanza 2025, mapafu yamejaa maji. Tulimutunza, haikusaidia. Alikufa tarehe 9 mwezi wa pili, akisema: "Watoto wangu wasiitwe watoto wa muizi."

Asubuhi patron ametuma maua, yameandikwa "Kwa mufanyakazi mwaminifu." Mashitaki yake juu ya Paulin yangali polisi. Maua tumeyaacha barabarani. Mbuzi za pale zinakula vizuri.

Anamuacha mjane Syntiche, watoto Chance na Abigaëlle, mama Agnès, dada Victorine, na mimi.

Patron Casimir, udongo wa kwanza tumekuwekea wewe. Simama, sema kwa kinywa kile kile kwamba huyu hakuiba, watoto wasikie, kisha utupe udongo kaburini. Kama hauwezi, rudi kwako na mikono yako safi. Sisi wenyewe tutamufunika.

Paulin, lala na jina lako. Mungu akupumzishe kwa amani.