Vlasta Kubicek na Dirisha la Juu ya Ghala

Padre Alvin, ndugu, jamaa, majirani wa Lodena na nyinyi mliofika kutoka mbali, mimi ni Irena, binti wa marehemu, nimepewa kazi ya kumsimulia mama mbele ya watu waliomjua kabla sijazaliwa, kwa hiyo nikikosea subirini kwanza nimalize, msinikatize kama ambavyo yeye angenikatiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Februari 1938, kwenye shamba la wazazi wake, Frank na Anezka Hruska, kaskazini mwa mji huu wa Lodena, Nebraska, akiwa mtoto wa tatu. Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya hapa hapa mjini, akamaliza Mei 1956, na walimu wake hawakumsahau, kwa sababu aliifungua saa ya darasani ili aone kinachogonga ndani, akairudishia vizuri kabisa, ila haikugonga tena.

Julai 1959, wakati wa mavuno, alipanda lori la ngano pamoja na baba yake, yaani babu yetu Frank, kuja kwenye ghala refu lililo kando ya reli, lori likapimwa yeye akiwa ndani, kisha wakati ngano inamwagwa akashuka kimyakimya kwenda kuchungulia inakopandia, lori likapimwa tupu yeye hayumo, na hivyo uzito wake ukahesabiwa kuwa ni ngano. Mpimaji alikuwa kijana mgeni kazini, Ota Kubicek, ambaye alipomwona binti anatokea amejaa vumbi hadi kwenye kope, alisema, "Mzee Hruska, huyu nimeshamnunua kwa bei ya ngano, sasa nikurudishie au nimweke ghalani?" Babu akajibu, "Mweke tu, huyu anakula sana." Mji mzima ulicheka, na tangu siku hiyo mama aliapa kutokanyaga mizani tena, ila alichomuuliza Ota siku ile hakikuwa cha uzito, aliuliza, "Huko juu kabisa kuna nini?" Ota akasema, "Vumbi na njiwa."

Machi 1960 aliajiriwa karani wa stesheni, meza yake ikiwa dirishani, akitazamana na ghala lile ng'ambo ya reli, na tarehe 7 Oktoba 1961 alifunga ndoa na huyo huyo Ota, katika kanisa hili. Walijaliwa watoto watatu, Josef, aliyezaliwa na kufariki Machi 1964 akiwa na siku sita, mimi mwaka 1966, na mdogo wangu Rudy mwaka 1969.

Mama alirudi kazini baada ya msiba wa Josef, na kuna nyakati aliinamisha kichwa mezani akalia, akiwa peke yake na simu ya treni, na kila ilipotokea hivyo baba alivuka reli, akasimama mlangoni na kusema, "Vlasta, una kiberiti?" Jambo hili lilimsumbua mama maisha yake yote, kwa sababu vumbi la nafaka likiona cheche hulipuka, na mtu wa ghala haruhusiwi hata kukaribia na kiberiti, sasa cha kwake kilikuwa cha nini, na kwa nini saa zile tu?

Stesheni ilifungwa mwaka 1974, mama akahamia posta hadi alipostaafu mwaka 2000, na miaka yote hiyo aliomba kupandishwa juu ya ghala, baba akikataa, akisema ni hatari. Ghala nalo lilifungwa, na Septemba 2009, ilipotangazwa kwamba litabomolewa, mama alimwambia, "Ota, sikuombi tena. Napanda." Lifti ya mle ilikuwa ya mbao, ya mtu mmoja, ikivutwa kwa kamba, na upande wa pili vinaning'inia vyuma vinavyopaswa kulingana na uzito wa anayepanda, vikizidi anarushwa hadi darini, kwa hiyo baba alisema, "Basi lazima upimwe." Mama akatuambia, "Geukeni wote," akapanda kwenye mizani ya malori, na wote tukageuka, isipokuwa Leonard Zeman, aliyeketi pale nyuma, ambaye hadi leo anakana.

Alikaa juu muda mrefu, tukaanza kuogopa, na aliposhuka hakututazama sisi, alimtazama baba, akasema, "Kumbe kiberiti hukuwa unakitaka." Baba akajibu, "Kiberiti ghalani? Wewe nawe!" kisha akaangalia viatu vyake. Kule juu kulikuwa na madirisha matatu, yote yamefunikwa na vumbi, isipokuwa kioo kimoja kilichofutwa katikati, duara la ukubwa wa kiwiko cha mwanamume, na aliyetazama hapo aliona dirisha la stesheni, mahali ilipokuwa meza ya mama.

Baba alitutoka mwaka 2014. Mama alianza kuugua moyo Januari 2022, akatibiwa kwa subira, na alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Aprili 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Familia inamshukuru Daktari Nygren na wauguzi waliokubali kumpima akiwa ametazama ukutani, majirani mlioleta vile vimkate vitamu vya kolache hadi meza ikakosa nafasi, wenzake wa posta, na mafundi waliobomoa ghala, ambao walimtolea mama kile kioo bila kukivunja. Alikitundika jikoni, na nilipokuja na kitambaa nilifukuzwa. Ndicho hicho mnachokiona juu ya jeneza, vumbi lake na duara lake, na mtakapopita kumuaga chungulieni mkitaka, yeye angefurahi, ila nawaomba sana msikifute.

Pumzika kwa amani, mama, na mzee akija mlangoni kuomba kiberiti, mpe.