Kidole cha Mwisho cha Mama Paulina

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi la Chama hapa kazini. Ndugu viongozi mliofunga safari kutoka Handeni na Tanga. Mchungaji wetu na shehe wetu. Wazee wa Masuguru. Ndugu wafanyakazi wenzangu. Na zaidi ya wote wewe, Mama Paulina, uliyekaa hapo mbele na mikono yako umeifunika kwa khanga: nawaamkia wote, wakubwa kwa shikamoo, wadogo kwa heshima yenu.

Ratiba inasema mkuu wa ofisi, Ndugu Athuman Mbelwa, atatoa neno la kumuaga mfanyakazi hodari. Neno hilo nimelitoa kwa kila aliyestaafu tangu nihamishiwe Korogwe, na mmelisikia mara nyingi kiasi kwamba nikisahau mnaweza kunimalizia. Leo sitalitoa. Nitasema kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na sita anaagwa leo, wakati mimi mwenye hamsini na tatu bado nimekalia kiti changu.

Kwa wageni ambao hamumjui, Ndugu Lea Shemhilu, ambaye hapa tunamwita Mama Paulina, ni mpiga taipu wa shirika letu la mbegu tangu mwaka sitini na tatu. Ikiwa wewe ni wa Kwaluguru au Kwamatuku, na uliwahi kupata mfuko wa mbegu za mahindi kutoka kwetu, basi jina lako lilipita kwanza chini ya vidole vyake.

Naomba niwaeleze jambo moja la mashine ya taipu, na wale wanaoijua wanivumilie. Mashine hizi zilipangwa na watu wanaoandika lugha nyingine. Herufi A wameiweka pembeni kabisa, kushoto, chini ya kidole cha mwisho, kile kidogo tunachokitumia kuchokonolea sikio. Sasa niambieni, Kiswahili chetu kinakwenda wapi bila A? Orodha zetu hupigwa kwa karatasi nne na kaboni tatu, na kibonye kisipopigwa kwa nguvu, nakala ya mwisho haisomeki. Kidole kile kidogo ndicho kilichokuwa kikibeba orodha zetu zote, kutwa, mwaka hadi mwaka.

Mwaka wa sabini Mama Paulina alianza kukifunga kitambaa. Hakuja kwangu kulia. Alichukua ukurasa mmoja wa orodha, akahesabu kila herufi kwa vijiti nyuma ya kalenda ya zamani, akaona A imewapita wenzake wote, na N imo katika wale wa mbele. Akachora mpango wake: A ihamie pale penye F, chini ya kidole cha shahada cha kushoto, N ihamie pale penye J, chini ya kidole cha shahada cha kulia, F na J, zisizotafutwa sana, ziende zikakae kule zilikotoka A na N. Herufi nne tu. Akaichukua kalenda ile akampelekea Fundi Semboja, yule wa Masuguru anayetengeneza cherehani. Semboja aling'oa vichwa vya herufi, akavibadilisha nafasi, akavichomelea upya. Mama Paulina alijifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa wiki sita, akija kabla yetu na kuondoka baada yetu. Baada ya hapo kitambaa kikaondoka kidoleni.

Aliniomba ruhusa? Aliniomba. Nilikuwa na haraka ya kwenda Hale, nikamwambia, fanya unavyoona. Jambo hili baadaye nililisahau kwa sababu lilinifaa kulisahau.

Mwaka uliofuata alipata msiba kwao Lushoto, akaenda kuzika. Siku hiyohiyo barua ya haraka ilitakiwa kwa wakubwa zetu. Ndugu Zuena, ambaye yupo pale nyuma na ananitazama kwa mashaka, alikaa kwenye mashine ile kwa kuwa yake ilikuwa imekatika utepe. Zuena hupiga bila kutazama vibonye, kama alivyofundishwa vizuri. Barua ikatoka vurugu tupu. Nani alitia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja? Mimi. Nikaitwa, nikasomewa barua yangu kwa sauti mbele ya watu, wakacheka mpaka mmoja akaomba maji.

Nilirudi na hasira yangu nzima, na sikutaka kubaki nayo. Niliitisha mkutano katika ukumbi huuhuu. Mama Paulina alikuwa na siku mbili tu tangu arudi kutoka makaburini. Nikamsimamisha, nikamwambia, "Hii ni mali ya umma. Wewe nani hata mashine ya umma ikae kwa raha yako? Huu ni ubepari wa vidole!" Wengi wenu mlicheka. Mimi neno hilo lilinipendeza, nikalirudia wiki nzima, hata kantini.

Alinijibu kwa upole, na jibu lake nalikumbuka lote: "Mzee, mashine ni ya umma, sikatai. Ila maumivu nayapata mimi peke yangu."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nikihubiri kujitegemea kila Jumatatu asubuhi. Na huyu alikuwa amechukua kifaa kilichopangwa na wageni, akakipanga kwa ajili ya lugha yetu, kwa akili yake mwenyewe na fundi wa mtaani. Ningepaswa kumwita Semboja abadilishe mashine zote tatu. Zuena ameniambia juzi, baada ya miaka sita, kwamba yeye naye alitaka yake ibadilishwe, ila baada ya mkutano ule alinyamaza. Je, ningekuwa yeye ningesema? Nisingesema.

Niliamuru herufi zirudishwe zilipokuwa. Kisha nikaandika barua ya onyo, kwa mkono. Na kwa kuwa ofisini kwetu barua zote hupigwa na mpiga taipu mwenye zamu, na zamu ilikuwa yake, nilimpa aipige. Aliipiga barua ya kujionya mwenyewe, kwenye mashine iliyorudishwa, kwa nakala tatu. Haikuwa na kosa hata moja. Aliniletea nitie sahihi, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilisoma kila neno.

Mwaka wa sabini na nne watu wakahamia vijiji vipya, mvua ikakataa, na kila kaya ikatakiwa kuandikwa ili ipate mbegu. Mnakumbuka wingi wa orodha zile. Kitambaa kilirudi kidoleni, kikapanda mpaka kwenye kiwiko. Sikumuuliza. Mwaka huu daktari ameandika kwamba kidole hakitakunjuka tena, na viwili vya jirani yake vinakifuata.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Semboja na mashine ile begani. Nikamwambia, irudishe kama alivyotaka Mama Paulina. Akaniuliza, "Kwa ajili ya nani sasa, mzee?" Nikaiweka tu mezani kwake. Lakini kalenda alikuwa nayo bado, ameibandika ukutani juu ya cherehani. Zuena ameanza kujifunza, na mashine nyingine mbili zinafuata. Nasema hivi si kwa kujisifu. Jambo hili limefika baada ya mwenyewe kuondoka, nami naona haya.

Mama Paulina, kamati imekununulia saa ya ukutani na khanga, nawe utazipokea. Mimi nimeleta kitu kingine. Nimeitoa kwenye jalada lako ile barua ya onyo. Nakala iliyokwenda juu sina mamlaka nayo. Itabaki huko, na jina lako litabaki nayo, na hilo siwezi kulitengeneza. Hii ya hapa nilikusudia nikupe uichane mwenyewe mbele ya walewale waliocheka. Nikamweleza Paulina, binti yako, jana. Akasema, "Baba, mama siku hizi hawezi kuchana karatasi."

Basi, Mama Paulina, usiinuke. Nakuja hapo ulipokaa, niichane mimi, wewe utazame. Nisamehe ukiweza, na usipoweza, una haki.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Naomba msipige makofi.