Mama Benchi Anaondoka, Sentensi Yake Imebaki

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha na kutafiti sera za jamii katika idara yetu, Mama Benchi anastaafu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo mlangoni pa ofisi yake, lakini simjui mwanafunzi aliyewahi kulitumia.

Jina hili la utani lilitokana na sharti lake moja. Hukuruhusiwa kuandika hata aya kuhusu sera yoyote kabla hujashinda kutwa nzima kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, ukingoja pamoja na wanaongoja. Simu mfukoni, kalamu mfukoni. Sera hutungwa mezani, alisema, lakini huishi dirishani, pale karani anapomwambia mtu nenda rudi kesho. Wajanja wapo kila mahali, na wetu walikwenda zao kunywa chai. Aliwabana kwa swali dogo tu: mguu upi wa benchi ni mbovu? Kila mmoja akataja wake. Yeye aliujua kwa kulikalia benchi lenyewe.

Sharti hilo hakuzaliwa nalo. Ujanani alikuwa kwenye kamati iliyotunga utaratibu wa kuwasaidia wazee wasiojiweza. Ili kuzuia udanganyifu, alipendekeza maneno machache: mwombaji afike mwenyewe. Kamati ikampongeza, naye akatembea kifua mbele. Mwaka uliofuata alikwenda kuona utaratibu unavyofanya kazi, akakutana na mwanamume aliyembeba mama yake mgongoni, akipanda naye ngazi hadi ghorofa ya pili. Yule bibi alikuwa akimwomba mwanawe radhi njia nzima.

Siku hiyo hakurudi kazini. Kesho yake aliingia kwenye kikao cha idara, hakukaa, akasema: "Sentensi ile niliiandika mimi."

Tangu hapo hakupumzika. Ameandika vitabu, amefundisha maafisa ambao leo ni wakubwa wetu, ila ukimuuliza mafanikio yake atakwambia dirisha la wazee lilihamishiwa ghorofa ya chini. Alilipata hilo kwa kuwasumbua wakubwa mpaka wakawa wakimwona kwa mbali wanageuza njia. Nasi pia alitusumbua, tusidanganyane. Lakini sentensi yenyewe haijafutwa. Kila kamati iliahidi, ikavunjwa, ikaja nyingine na ahadi ileile, na hilo linamuuma hadi leo.

Kikao cha kuijadili upya kitafanyika wiki moja baada ya yeye kuondoka. Tulimuuliza siku hiyo atakuwa wapi, tukidhani atasema kwa wajukuu. Akasema atakuwa benchini. Tukacheka, tukamwambia utafiti umekwisha, mama, pumzika. Ndipo akatueleza kwa utulivu kwamba haendi kutafiti. Mumewe yu kitandani mwaka wa pili sasa, hawezi hata kuketi, na safari hii wao ndio waombaji.

Mwalimu wetu, dada yetu, asante kwa kutukalisha palipo pagumu. Nenda salama, ukaishi kwa raha uliyoitolea jasho. Siku ya kikao usihangaike kutafuta wa kukusaidia kumbeba shemeji. Mwache kitandani, ukae naye. Benchini tutakaa sisi, na hatutainuka mpaka sentensi ile ifutwe.