Marekhi Kaldani na Kanisa la Funguo Mbili

Marehemu Marekhi Kaldani alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa Khevari, katika milima ya Svaneti, mtoto wa pili wa Mzee Tatash Kaldani na Bi Dodo. Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la saba, kisha akakamua ng'ombe wa shamba la ushirika mpaka alipostaafu mwaka 1986.

Alipozaliwa, kanisa la Malaika Mkuu lilikuwa limekwisha kukaa kilimani zaidi ya miaka mia tisa. Mlango wake una kufuli mbili: ufunguo mmoja wa ukoo wa Kaldani, mwingine wa Parjiani, ili ukoo mmoja usimwone Malaika aliyechorwa ukutani bila mwenzake. Mwaka 1949 koo hizo ziligombania fahali wa sadaka, na mlango ukafungwa.

Tarehe 14 Oktoba 1952 Marekhi aliolewa na Bekhan Parjiani. Mzee Tatash hakufika harusini. Tangu hapo aliishi kati ya funguo mbili: mmoja ulining'inia juu ya meko yake, mwingine ulikuwa kwa kaka yake Otari, ng'ambo ya kijito.

Mwanzoni mwa 1987 theluji ilivunja paa la kanisa. Marekhi alimwendea kaka yake, akamwomba alete ufunguo.

"Mumeo aanze," Otari alisema.

Nyumbani, Bekhan akajibu, "Shemeji aanze. Mimi si mtoto wake."

Maji yakazidi kuingia. Basi Marekhi akawasha moto. Alioka lemziri, mkate wa sadaka, akitaja majina ya nyumba zote mbili juu ya donge la unga, akauweka kizingitini mwa kanisa. Mkate uliotajiwa majina hauliwi ila mbele ya Malaika; ukiozea nje, laana ni ya waliotajwa.

"Dada, umetufunga kamba!" Otari alifoka, akipanda kilima huku akihema.

"Mimi? Nimeoka mkate tu."

"Shemeji, umeoa balaa," alimwambia Bekhan, aliyekuja nyuma na ufunguo wake.

"Balaa limetoka kwenu," Bekhan akajibu. Hawakuwa wamesemezana tangu ugomvi ule.

Walifungua. Maji yalikuwa yameteremka ukutani, yakalowesha bawa la Malaika, yakasita karibu na macho. Macho yale, yaliyochorwa na mkono ambao hakuna aliyehifadhi jina lake, yaliwatazama kama yalivyowatazama mababu. Otari akavua kofia. Miongoni mwetu wamo waliofika Roma na Stambuli. Waliporudi, walisimama mbele ya ukuta huu, nao wakavua kofia. Paa liliezekwa kabla ya Pasaka.

Bekhan alitangulia mwaka 2004. Marehemu alianza kuugua moyo baada ya mavuno ya 2008, akafariki nyumbani tarehe 21 Septemba 2009, mkono wake ukiwa mkononi mwa kaka yake.

Ameacha kaka, Otari. Watoto, Mzevinar, Gela na Tsiuri. Wajukuu na vitukuu.

Leo asubuhi funguo zote mbili ziliingia mlangoni kumpokea. Hakuna aliyeuliza nani aanze.

Apumzike kwa amani, chini ya macho yale.