Mgomba wa Marehemu Mama

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja alipakata chipukizi la mgomba kama mjukuu. Migomba yake yote ilikuwa imenyauka, akaenda kuomba hili kwa dada yake, aliyempa zamani mbegu ya mgomba wa marehemu mama yao. Jirani yake wa kiti, mtaalamu wa maabara ya mimea, aliposikia hayo akalichungulia, akaguna. "Mama, hili ni pacha wa migomba yako iliyokufa. Ugonjwa umo ndani. Panda miche yetu safi, tunayoikuza maabara kwenye chupa."

"Imetoka kwa mgomba wangu?"

"Hapana. Lakini tuletee wako mmoja mzima, tutakuza elfu."

Mtaalamu huyo, naona, hakuzaliwa na huruma. Mama akacheka bila furaha. "Mzima? Yote ni ya shina moja, baba. Nami ndiye niliyeigawa kwa kila nyumba kijijini."

Basi likasimama. Akashuka, akilikinga chipukizi lake na jua kwa mtandio wake.