Bega la Fundi Msasa Limenyamaza

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu, wa nne ni tofali, na hapo ndipo kahawa hunywewa na kesi zisizo na hakimu hukatwa. Asubuhi ile aliketi Msasa, fundi rangi, mkono wa kulia umening'inizwa kifuani kwa kitambaa. Jana alipasuliwa bega. Kabla ya hapo alidungwa sindano ya ganzi karibu na shingo, na tangu wakati huo mkono haukuuma wala haukusikia kitu. Mwingine angeshukuru. Yeye roho ilikuwa juu juu, maana mkono huo ndio unaomlisha.

— Nifinye tena, alimwambia Waya, fundi redio.

Waya akamfinya kidole.

— Umesikia?

— Nimeona tu. Tena nahisi mkono uko juu, napaka dari. Nikitazama, uko hapa tumboni.

— Basi wamekosea kuunganisha nyaya. Ukitaka kujikuna sikio, utapiga mtu teke!

— Acha porojo, alidakia Wakili, mwenye kibanda, ambaye mahakama huijua kwa nje tu. Maumivu yamezibwa, yanajazana shingoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Daktari kasema ganzi itaisha yenyewe.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Huu ni mkono, Wakili.

— Ndiyo ujue hali ni mbaya. Mimi naona wamekupa bega la mtu. Halijakuzoea.

Msasa hakucheka. Mwaka mzima alililaani bega hilo. Leo alitamani liume, hata kidogo, ajue bado ni lake. Aliogopa, na aliona haya kusema.

Punde kidole gumba kikamchonyota. Halafu bega likawaka moto.

— Linauma! Jamani, linauma!

Benchi zima likasimama. Waya akapiga makofi, Wakili akapeana mikono na wapita njia.

Mke wa Msasa akatokea anahema, vidonge mkononi. Msasa alikuwa ameambiwa hospitalini avimeze kabla ganzi haijaisha, akaviacha mezani nyumbani: nani humeza dawa ya maumivu asiyoyasikia? Alimkuta mumewe kakunja uso, machozi yanamtiririka, na wenzake wanashangilia.

— Shemeji zangu, mtu anaumwa hivi, mnashangilia nini?

Msasa alipokea vidonge kwa mkono wa kushoto, analia, anacheka.