Shemeji na Mlango Uliogoma Kufunga

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika idara yetu ya maji, na baada ya kuwamaliza nguvu mafundi wote wa karakana kwa ubishi, dereva tunayemwita Shemeji anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa eti tunaelewana sana. Aliyesema hivyo hajawahi kukanyaga karakana.

Kwanza, jina. Hapa kazini hakuna hata mmoja anayejua alimwoa dada wa nani. Alifika siku ya kwanza akiwaita wanaume wote shemeji, nao wakamrudishia, jina likaganda. Alianza kwa kupakia mabomba, akapanda kuwa dereva, na tangu hapo hajapata ajali wala kukubali kosa. Kwa hilo la kwanza tunamsifu kwa moyo wote.

Utaratibu wetu wa karakana pia ni wake: gari likitoka matengenezo, fundi aliyelishughulikia hukaa kwenye kiti cha abiria safari ya kwanza. Aliuanzisha baada ya breki kumkatalia mteremkoni, na tangu siku hiyo hakuna fundi anayekaza nati nusunusu. Unaudhi, lakini ni utaratibu mzuri.

Sasa tuje kwenye ile pikapu yake kuukuu. Mwaka huu mlango wa dereva uligoma kufunga. Shemeji akaja juu: kitasa kibovu. Nikabadilisha kitasa. Akarudi: bawaba. Nikabadilisha bawaba. Akarudi tena, mlango ameufunga kwa kamba ya mpira, akaniuliza mbele za watu kama ufundi niliusomea au nilisimuliwa. Niliusugua ukingo wa ule mlango mpaka rangi ikaisha. Ndipo siku moja, nimesimama kando namezea hasira, nikaona kebini na bodi ya nyuma zimebanana juu, chini zimeachana. Gari lilikuwa limebonyea katikati. Nikaingia chini na tochi, nikakwangua tope, na ufa huo hapo, umepanda hadi nusu ya chasisi, uti wa mgongo wa gari lenyewe. Mlango haukuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Mkuu wa karakana, ambaye siku nyingi alitaka pikapu hiyo ipumzishwe, akasema sasa basi. Shemeji akakataa katakata. "Chasisi za zamani hazipasuki," alisema, huku kidole chake kimegusa ufa wenyewe. Akaomba, akanuna, akakaa kwenye ngazi za ofisi kama mtoto aliyenyimwa. Alitaka amalizie utumishi wake kwenye gari lake, hakuna kingine. Mkuu akachoka, akanigeukia mimi: tengeneza.

Nikatengeneza. Nililinyanyua kwa jeki mpaka likanyooka, nikatoboa kitundu mwisho wa ufa usiendelee kukimbia, nikachomelea, nikabandika bamba la chuma ndani na nje. Jumapili zangu zikaenda na maji. Muda wote huo Shemeji alinisimamia kichwani akinielekeza, yeye ambaye hajawahi kushika mashine ya kuchomelea hata kwa bahati mbaya.

Wiki iliyopita tukatoka safari ya kwanza, tumebeba mabomba, mimi kwenye kiti cha abiria kama kawaida. Mlango ulifunga kwa kusukumwa mara moja tu. Nikangoja sifa. Tulipofika kilimani akapunguza mwendo, akauliza, "Nikiondoka, hii anapewa nani?" Nikamwambia ni yule dada dereva mpya, mama wa mapacha.

Tuliporudi karakana akaegesha, akaingia chini ya gari na nguo zake safi, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa mkuu, akamwekea ufunguo mkononi.

"Ikatwe," alisema. "Fundi kafanya kazi nzuri, ila chuma kimechoka. Mimi nikivunjikia humo, ni ubishi wangu. Yule binti avunjikie ubishi wa nani?"

Jumapili zangu zote! Mkuu alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nilitaka kulia, na mpaka leo sijui ilikuwa hasira au nini. Kwa mara ya kwanza Shemeji alikuwa ameisifu kazi yangu, na papo hapo akaipeleka kwenye vyuma chakavu.

Pikapu ilikatwa jana. Dada dereva anapokea gari jingine, nililolifanyia matengenezo mimi, Jumatatu, na Shemeji ametangaza kwamba safari ya kwanza atakaa naye kiti cha abiria. Tumemkumbusha kwamba hicho ni kiti cha fundi, na kwamba Jumatatu yeye si mfanyakazi tena. Amebisha. Nimeshaambiwa nijibane katikati. Mlinzi ameagizwa asimfungulie geti, na sote tunajua atamfungulia.

Shemeji, asante kwa kuturudisha nyumbani salama miaka yote hii. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu, na watu wa nyumbani wenye subira kutuzidi sisi. Na hiyo Jumatatu usichelewe. Gari linatoka saa mbili.